Maji Yamepungua Kidogo

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Bi Sichana alikuwa akipanga vyombo chini. Hakuvitoa kwa ajili ya kupika. Sufuria ya pilau aliiweka karibu na mlango, chano cha mbao akakiweka ubavuni mwake, halafu kawa la kufunikia chakula, halafu kinu, halafu mbuzi ya kukunia nazi, hiyo aliilaza. Akimaliza alichukua kokwa ya tende akaipitisha baina ya vile vyombo kwa kidole, pole pole, midomo inakwenda lakini sauti haitoki. Sufuria ilikuwa ukumbi wa popo. Kawa lilikuwa ziwa. Mbuzi ilikuwa daraja bovu. Kokwa ya tende ilikuwa yeye mwenyewe.

Kwetu huku kibla na kaskazini ni upande mmoja, basi kila kokwa ilipokwenda kaskazini na yeye aligeuza uso kama mtu anayetaka kuhirimia sala.

Da Tahiya, mke wa shemeji yake, akiamka akavikuta vile vyombo hakuzunguka. Alipita katikati. Ukumbi wa popo ulibiringika mpaka chini ya beseni.

"Sichana, nipikie chai mie. Au humo pangoni mwako hamna majani ya chai?"

"Naam, da Tahiya. Nnapika."

Mimi nakaa ngazi hiyohiyo ya jengo letu la Michenzani, na mlango wa jikoni kwao haufungwi mchana kutwa. Haya niliyaona.

Bi Sichana ni mtu wa Jongowe, Tumbatu. Aliolewa na mdogo wa Himid, mume wa da Tahiya, akafiwa, na alipotoka eda Himid akamwita mjini. Alikuja na begi moja na mtoto mmoja wa kike, Zuleikha. Mtoto hakukaa sana. Da Tahiya alisema nyumba ndogo, watu watakanyagana, na Zuleikha akarudishwa Jongowe kwa bibi yake. Mama yake akabaki. Alipika, alifua, alikosha ngazi, na usiku alilala jikoni kwenye godoro alilokuwa akilikunja alfajiri ili watu wapate pa kupita. Mtoto alimpigia simu kila Ijumaa. Alikuwa akiuliza kitu kimoja tu: "Mama, lini?"

Himid ana duka chini ya jengo. Wanapiga fotokopi, wanachapa barua, wanapiga picha za pasipoti. Nyuma ya duka kuna chumba chenye dirisha na choo chake, wakati ule kilikuwa kimejaa printa mbovu na maboksi. Msichana aliyekuwa akikaa dukani alipoolewa akaacha kazi, Bi Sichana alishuka chini, mikono bado ina unga, akasimama mbele ya meza.

"Shemeji, mie nilisoma mpaka kidato cha pili. Kuchapa nnajua kidogo, na nyengine nitajifunza. Niweke dukani. Hicho chumba cha nyuma nitakisafisha mwenyewe, nilale na mwanangu. Na kupika nitapika vilevile."

Himid hajapata kumkatalia mtu. Yeye hucheka tu. Siku ile alicheka, akamtazama Jecha, ambaye huuza betri na chaja pale mlangoni na hana mteja baada ya alasiri, akamtazama na Nadir.

Nadir alisomea kompyuta chuoni Tunguu. Alipokuwa huko alichukua gemu moja ya zamani ya Kizungu akaitia Kiswahili, akaiweka kwenye kompyuta kongwe ya Himid, ile yenye kioo chenye mgongo. Gemu yenyewe haina picha hata moja. Kioo kinakwandikia: uko mahali fulani, unaona kitu fulani. Wewe unaandika unalotaka kufanya. Ukipatia unasonga mbele, ukikosea kinakwandikia "Sifahamu", au kinakuua. Mchezaji anashuka ndani ya pango na lazima afike mlango wa mwisho, atoke upande wa pili. Jecha alijaribu mara chungu nzima akafa na popo. Himid alikufa kwenye ziwa. Wengine wakachoka wakarudi kwenye simu zao.

"Unakitaka chumba?" Himid akauliza. "Haya. Imalize gemu ya Nadir. Ukiimaliza tu, meza yako, chumba chako, na mtoto mlete. Wallahi."

"Wallahi, shemeji?"

"Nshaapa. Niape mara ngapi?"

Bi Sichana akafuta mikono kwenye kanga akakaa.

Kioo kikaandika: *Uko mbele ya nyumba ndogo ya mawe. Mlango uko wazi.*

Sote tuliowahi kucheza pale tuliandika INGIA, basi. Yeye aliandika HODI.

*Sifahamu.*

Akaandika tena HODI. *Sifahamu.* Akaandika mara ya tatu, na kioo kilipojibu vilevile akarudisha kiti nyuma kama anayetaka kuondoka.

"Ingia, bibi wee!" Jecha akapiga kelele. "Hamna mtu humo!"

"Kama hamna mtu ndiyo niingie?"

Walicheka mpaka wateja wa fotokopi wakageuka. Mwisho aliingia, maana njia nyengine haikuwapo. *Uko ndani ya nyumba. Juu ya meza kuna pakiti ya chumvi. Hapana mtu. Ngazi inashuka chini pangoni.* Bi Sichana akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Halafu akaandika SHUKA.

"Hukuchukua kitu?" Nadir akauliza.

"Nichukue nini? Chumvi ya watu, mwenyewe hayupo."

*Nyuma yako unasikia kishindo. Nyumba imeanguka. Hapana njia ya kurudi ndani.*

"Alhamdulillahi," akasema Bi Sichana. "Nimetoka kwa salama."

Nadir alikuwa kasimama karibu na mashine ya fotokopi. Alimwinamia Himid, na mimi nilikuwa nasubiri karatasi za nyumbani, nikamsikia. "Huyo kashakwisha. Mlango wa mwisho una konokono mkubwa kama gari, haondoki ila kwa chumvi. Na chumvi ni ileile ya mezani, nyengine hamna. Sasa anaweza kucheza mpaka kiama. Mwambie aanze upya."

"Gemu haimwambii kama kashashindwa?"

"Haisemi. Gemu za zamani ndivyo zilivyo. Inamwacha aende."

Himid akautazama mgongo wa Bi Sichana. Alipozungumza sauti yake ilikuwa nzuri kabisa, ya upole.

"Shemeji, nimesahau sharti moja. Kuanza upya hamna. Ukifa utarudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho, hilo ruhusa. Lakini ukianza upya, ahadi imekufa."

"Haya, shemeji. Sitaanza upya."

Kisha akatugeukia sisi, akaweka kidole mdomoni. "Atakayemwambia asikanyage tena duka hili."

Hapana aliyemwambia.

Kuanzia siku ile alikuwa akishuka baada ya alasiri, wali keshaupalia makaa, mchuzi keshaufunika, akakaa mbele ya kile kioo mpaka da Tahiya ampigie kelele kutoka juu. Hakuwa na haraka. Mtu mwengine akiambiwa *Sifahamu* huupiga ubao wa herufi vibao. Yeye alisema "Haya" akaandika kwa namna nyengine.

Ukumbi wa popo aliumaliza kwa kuzima taa. Jecha kila mara aliingia na taa inawaka, popo wakamvamia. Bi Sichana alizima akapita gizani akihesabu nguzo kwa mkono. "Kwetu tukiingia mapangoni tunawaacha wenyewe walale," alisema. Kwenye ziwa aliokota vifuu, akavifunga kwa kamba, akaelea. Mbele zaidi palikuwa na bibi kizee aliyekaa njiani hapishi mtu. Jecha aliwahi kumpiga fimbo akageuzwa jiwe. Himid aliwahi kumpa dhahabu, akageuzwa jiwe. Bi Sichana aliandika SHIKAMOO.

*Marahaba, mwanangu. Pita.*

Nadir akashika kichwa. "Mie hilo niliweka kwa mzaha tu! Watu wote waliocheza, hata mmoja hajamwamkia!"

"Kwa sababu nyie hamna adabu," Bi Sichana akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka na meno.

Lakini alikufa pia, na akifa ndiyo raha ilipokuwa. Jecha aliweka sharti la vitendawili vya barazani: anayeshindwa anatoa mji.

"Kafa! Kaanguka darajani! Bi Sichana, nipe mji!"

"Chukua Tunguu."

"Tunguu! Nimekwenda Tunguu, nimepokewa na maprofesa kwa maua. Nimelishwa biriani ya mbuzi, nimeoshwa miguu kwa marashi. Mifupa nikasema msitupe, kuna mpishi mmoja Michenzani ananisubiri, nikakufungia kwenye gazeti. Chukua, bibi, guguna."

Wakicheka, naye anatabasamu, maana mchezo ni mchezo. Kesho yake alitoa Mangapwani, Jecha akaenda Mangapwani akala pweza, akamletea wino. Kidogo kidogo akawa katoa karibu Unguja nzima. Jecha akaanza kumpiga picha za video kutoka nyuma na kuzirusha kwenye kundi lao la simu, na jioni walikuja watu nisiowajua, wanasimama na chupa zao za soda kumtazama. Yeye alidhani wanatazama pango.

Siku aliyofika mlango wa mwisho duka lilijaa.

*Uko mbele ya mlango wa mwisho. Nje unaona mwanga wa jua. Konokono mkubwa ameziba njia. Ni laini, na ni mzito, na halali usingizi.*

Bi Sichana alipiga makofi. "Konokono! Mwana wee! Konokono dawa yake si..."

Jecha alikuwa keshainua simu anangoja.

"Ile pakiti," Bi Sichana akasema.

Alirudi njia nzima, bibi kizee, ziwa, popo, mpaka chini ya ngazi. *Mawe. Hapana njia.* Alisukuma mawe. Alichimba. Aliita. *Sifahamu. Sifahamu. Sifahamu.* Halafu akageuka kwenye kiti.

"Nadir, baba, niambie haki ya Mungu. Humu muna chumvi nyengine?"

Nadir akamtazama Himid. Himid akajibu yeye, anacheka. "Mtumbatu anauliza chumvi? Si mmezungukwa nayo pande zote?"

Watu wakavunjika mbavu. Lakini Bi Sichana hakucheka wala hakununa. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

"Bahari," alisema. "Pale mbele ya ziwa pana njia ya ufukweni. Sufuria nnayo, niliiokota humo pangoni. Kiberiti nnacho."

Akaenda ufukweni, akachota maji ya bahari ndani ya sufuria, akakusanya vijiti, akawasha. Kisha akaandika CHEMSHA MAJI.

*Sifahamu.*

Akaandika PIKA MAJI. KAUSHA MAJI. TOA CHUMVI. Mpaka da Tahiya akaita kutoka juu kuwa mchuzi unaungua.

Alipopanda, Nadir alisema pole pole, "Lakini hilo wazo zuri. Kweli chumvi hupatikana hivyo. Mimi sikulifikiria. Naweza kumwekea, kazi ya nusu saa."

"Mwekee," Himid akasema.

"Nimwekee chumvi?"

"Mwekee moto. Chumvi usimwekee."

Nadir hakufahamu mwanzo. Alipofahamu alisema, "Ah, Himid, bwana." Halafu akacheka. Halafu akavuta kiti akaanza kuandika.

Kesho yake Bi Sichana akaandika CHEMSHA MAJI bila ya tamaa, na kioo kikajibu: *Maji yanachemka. Maji yamepungua kidogo.*

Alisimama. Aliikamata meza kwa mikono miwili. "Imekubali," alisema. "Nyie, imekubali! Nadir, umeona? Imekubali!"

"Nimeona, Bi Sichana."

*Moto unazimika. Unahitaji kuni.*

Kuni zilikuwa msituni, mbali, na kwa ombi la Himid msitu ukatiwa chui. Kila akenda kuchukua kuni, chui alimla mara, akamwacha mara, kwa bahati nasibu, Nadir alivyomwandikia. Akipata kuni anarudi, anachochea, anaandika CHEMSHA. *Maji yamepungua kidogo.* Anakwenda tena. *Maji yamepungua kidogo.* Jioni kwa jioni. Watoto wa jengo wakajifunza. Akipita na ndoo wanamfuata nyuma: "Bi Sichana, maji yamefika wapi?" Naye anawajibu kwa dhati, "Yamepungua, wanangu. Bado kidogo."

Ijumaa moja nilikuwa mlangoni kwao na simu ililia. Alijifuta mkono akapokea.

"Mama, lini?"

"Skuli zikifunguliwa utakuwa huku. Mwambie bibi akukate nywele. Chumba kina dirisha, Zuleikha, utaona barabara yote."

Hakuwa akisema maneno matupu. Alikwishaanza kukisafisha. Alimwomba Himid ruhusa ya kutoa printa mbovu, Himid akasema, "Toa tu, shemeji, kazi njema." Akazibeba moja moja mgongoni mpaka jaani. Akapiga chokaa kuta zote, akikosha madoa ya chokaa kwenye nywele kabla ya kupanda kupika ili da Tahiya asimseme. Alishona pazia kutokana na kanga yake moja. Choo alikisugua kwa jiwe mpaka kikarudi rangi. Himid aliingia mara moja kutazama, akapitisha kidole ukutani, akasema, "Mashaallah, fundi hasa." Alipotoka alimkonyeza Jecha.

Wiki ile ile chui alimla tena. Jecha siku hiyo kwa bahati alikuwa na mteja, basi Himid ndiye aliyepiga makofi.

"Nipe mji, shemeji."

"Imekwisha, shemeji. Miji yote nshaitoa."

"Jongowe hujanipa."

"Huo siutoi. Huo kwetu."

"Mchezo una sharti. Au tuzime?" Akaweka mkono kwenye waya wa kompyuta.

Bi Sichana akautazama ule mkono. "Chukua Jongowe," akasema, sauti ndogo.

Himid akajiegemeza. "Nimekwenda Jongowe. Nimevushwa, nimeshuka, nimepokewa na mama yako na makungwi wote wa mji. Wamenilisha samaki, wamenitandikia kitanda cha Kihindi. Asubuhi natoka nje namkuta mtoto mmoja kakaa kizingitini, kashika viatu mkononi. Namuuliza, unangoja nani? Anasema, nnamngoja mama. Nikamwambia, mwanangu, ingia ndani ulale. Mama yako yumo pangoni, anachemsha maji."

Wengine walicheka. Wengine walitazama chini, wakacheka vilevile. Bi Sichana alisubiri kelele zitulie, kisha akageukia kioo, akarudi pale alipohifadhi, akaenda msituni kuchukua kuni.

Wiki moja kabla ya skuli kufunguliwa, alikaa dukani mapema kwa sababu da Tahiya alikuwa kalala. Chui alimwacha mara zote siku ile. Alichochea, akachemsha, akachochea. Nyuma yake mlango wa duka ukafunguliwa wote, na vijana wawili wakaingia na kitanda. Wakakipitisha ubavuni mwake, wakimwomba asogeze kiti. Akasogeza. Kitanda kikaingia chumba cha nyuma. Likafuata godoro jipya bado lina nailoni, na nyuma ya godoro akaja Nasima, mtoto wa dada yake da Tahiya, aliyemaliza cheti cha ukatibu, na sanduku lake la magurudumu.

"Asalaam alaykum," Nasima akasema. "Khalu Himid, chumba kizuri! Nani kapiga chokaa?"

"Wa alaykum salaam. Karibu, mama. Huyo hapo kapiga."

Bi Sichana alikuwa kashika kijiti cha kalamu anachochezea wakati wa kufikiri. Akakiweka chini.

"Shemeji. Kitanda cha nani?"

"Cha Nasima. Ataanza kesho hapa mezani. Wewe endelea, shemeji, usijali. Maji hayajakauka bado."

Jecha akatoa mluzi mdogo wa kuzuia kicheko, lakini kilimshinda. Nasima akawatazama mmoja mmoja. Alikuwamo kwenye lile kundi la simu, video zote kaziona, na alidhani mwenyewe anajua.

"Kumbe hamjamwambia?" akasema. "Bado tu? Bi Sichana, humo hamna chumvi. Ni mchezo wanakufanyia."

Bi Sichana alimgeukia Nadir, ambaye alikuwa akijifanya anaweka karatasi kwenye mashine.

"Nadir, baba. Maji yakikauka, chumvi haitoki?"

"Hayakauki," Nadir akasema.

"Hata nikichemsha sana?"

"Nimeandika hivyo. Yanapungua kidogo, basi. Hata ukichemsha mpaka uzeeke yatapungua kidogo."

"Na chui?"

"Na chui pia mimi."

"Na ile pakiti ya mezani?"

"Ile ndiyo iliyokuwa chumvi," Jecha akadakia. "Wewe ulikwisha tangu siku ile ya hodi zako! Sote tunajua! Khaa, Bi Sichana, watu wamekuja mpaka kutoka Tunguu kukutazama."

"Ningeanza upya," alisema Bi Sichana, kama anayejisemea. "Siku moja tu ingetosha. Njia yote naijua."

"Sharti ni sharti," Himid akasema. "Mbona unanuna, shemeji? Mchezo huu. Umefurahi wewe, tumefurahi sisi. Na jikoni kwako yupo aliyekufukuza?"

"Zuleikha nimemwambia anakuja," akasema. "Kakatwa nywele tayari."

Mashine ya fotokopi ilikuwa inatoa karatasi.

"Mwambie maji yamepungua kidogo," akasema Jecha.

Mmoja alianza kucheka, halafu wawili, halafu duka zima, hata wale vijana waliobeba kitanda ambao hawakujua kinachochekwa. Himid alicheka mpaka akatoa leso. Bi Sichana alikaa katikati ya kicheko hicho mikono iko magotini, akiwatazama uso baada ya uso kwa utulivu, na hakulia. Nilingoja alie. Nadhani wote walingoja, na Jecha alikuwa na simu juu.

Akasimama. Akarudisha kiti chini ya meza. Kanga ya kichwani ilikuwa imelegea, akaivua, akaikung'uta, akaifunga upya. Nasima alikuwa kaziba mlango na sanduku lake, akalivuta pembeni kumpisha.

"Bi Sichana, mimi sikujua kama chumba..." alianza.

"Kina unyevu kidogo pembe ya kushoto," Bi Sichana akamwambia. "Usiweke nguo huko."

Akatoka.

"Shemeji!" Himid akaita, bado anajifuta macho. "Leo unatupikia nini?" Alipoona hajibiwi akawageukia wenzake. "Anajizuzua. Atarudi sasa hivi. Aende wapi?"

Hakupanda ngazi. Begi lake liko juu, godoro lake liko juu, na viatu vyake vizuri viko juu ya kabati la da Tahiya. Alikuwa na simu mkononi na kandambili miguuni. Alipita chini ya madirisha akielekea barabarani, na huko juu da Tahiya alikuwa keshaamka. Kaegemea ukuta wa baraza, anateremsha kikapu kwa kamba kama wanavyofanya watu wa magorofani wasiotaka kushuka.

"Sichana! Wewe Sichana! Chukua humo uninunulie nyanya na kitunguu, na ndimu usisahau!"

Kikapu kilishuka mpaka mbele ya uso wake. Alikipisha kama unavyompisha mtu njiani, akaendelea. Alivuka barabara baina ya magari, hakutazama nyuma hata mara moja, akapotea upande wa pili kwenye watu. Siku ile hakurudi, wala kesho yake, na mpaka leo hajarudi.

Kikapu kilibaki kinaning'inia pale chini. Da Tahiya akaitazama kamba, akakishusha kidogo zaidi, akidhani hakijafika.